Kitasa Kilichoshika Namba ya Zamani

Mtunza ghala alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi nyuma ya mlango wa chumba cha kugandishia dawa, amejikunyata, kucha zimekatika. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa na michirizi ya damu kwenye kimo cha mtu aliyesimama, na mingine chini, ya mtu aliyepiga magoti.

Inspekta alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na bado aliuogopa mlango ule. Alimwamuru konstebo auzuie mlango kwa kiti. Akageuka mara tatu kuhakikisha kiti kiko pale pale.

"Kitufe cha kufungulia hiki hapa," alimwambia meneja wa ghala. "Kwa nini hakikufungua?"

"Sijui, afande. Milango yote inaendeshwa kwa mtandao. Muulize Mkimya, ndiye fundi wetu."

Mkimya alikuja, mtu wa makamo, shati limenyooka, macho mekundu.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," Inspekta alisema.

"Ukibonyeza kitufe, kitasa kinaomba ruhusa kwa seva, kompyuta kuu ya ofisi. Lakini sikukiwekea namba ya seva. Nilikiwekea jina, jina la kikoa chetu, yaani anwani yetu ya intaneti. Kinauliza kwenye daftari la majina huko intaneti, kinapewa namba, ndipo kinawasiliana."

"Seva ikihamishwa?"

"Unabadilisha namba kwenye daftari. Vifaa vinafuata vyenyewe, huna haja ya kuvigusa."

"Kwa hiyo anayelishika jina ndiye mwenye mlango."

"Ndiyo, afande."

Inspekta alitoka nje haraka. Watoto wake wawili walikuwa nyumbani nyuma ya kitasa cha aina hiyo hiyo. Alimpigia simu mama yake, aliyekuwa nao.

"Mama, fungua mlango wa mbele. Uache wazi."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Uache wazi tu. Nitakueleza."

Alirudisha simu mfukoni.

Alasiri, mtaalamu wa maabara ya polisi alileta kumbukumbu za kitasa na za daftari la majina. Inspekta alizisoma mara mbili, kisha akamwita Mkimya kituoni.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Saa nane kasoro dakika kumi, jina lenu lilielekezwa kwenye namba ngeni. Saa nane kamili mtunza ghala akaingia, wa kwanza siku hiyo, mlango ukajifunga. Saa nane na nusu jina likarudishwa kwenye seva ya ofisi. Nywila ya daftari wanaijua wangapi?"

"Wawili. Mimi na marehemu."

"Na saa nane na nusu marehemu alikuwa wapi?"

"Mle ndani," Mkimya alisema.

"Namba ile ni ya kompyuta ya nani?"

"Yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka aogope. Nusu saa tu."

"Kwa nini?"

"Mke wangu alivuja damu akijifungua, akafariki. Dawa ya kuizuia ilitoka mle ghalani. Ilikuwa imeharibika. Umeme ulikatika siku mbili, vipimajoto vikaandika kila kitu, mimi ndiye niliyevifunga. Marehemu akasaini kwamba dawa ni salama. Nilimwonyesha. Akaniambia yaliyopita yamepita."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Lakini jina ulilirudisha. Mbona mlango haukufunguka?"

"Nilianza kuogopa, nikaifuta kompyuta yangu kwanza, yote, ili msinipate. Kisha nikarudisha jina kwa simu. Kumbe kitasa kikishapewa namba hakiulizi tena papo hapo. Kinaikumbuka. Niliandika mwenyewe, siku ya kukiweka mlangoni, kwamba kiikumbuke kwa muda wa saa sita. Kiliendelea kuiita kompyuta yangu, na huko hakuna wa kukijibu."

"Ulijua hayo saa ngapi?"

"Saa tisa. Nilikuwa namwona kwa simu, kwenye kamera ya chumba kile. Anabonyeza kitufe. Anabonyeza tu."

"Mlinzi alikuwa getini, ana shoka la zimamoto. Namba yake ya simu unayo?"

"Ninayo."

"Ulimpigia?"

Mkimya alifunika uso kwa viganja. "Angeniuliza nimejuaje kwamba kuna mtu ndani. Niliogopa, afande. Nikazima kamera."