Majani ya Papa Mbusa Yamevuka Mto

— Papa, ile majani inafaa tuing'oe.

Dieumerci aliposema hivyo, tantine Séphora alibaki amesimama na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mkononi. Kavugho, binti wa mwenye nyumba, alifumba macho. Wiki nzima alikuwa amemfundisha mchumba wake: salimia wakubwa, sifia chakula, ongea kidogo. Na kweli, mambo yalikuwa yakienda vizuri pale sebuleni kwao, mtaa wa Hewa Bora mjini Lubumbashi. Wazee walikuwa wamefika hadi kwenye mbuzi, maana kwa Wanande, kabila la akina Kavugho, mahari huhesabiwa kwa mbuzi, na Papa Mbusa alikuwa ametania:

— Mbuzi tutazibadilisha na feza. Hapa Hewa Bora mbuzi italala wapi, mu salon?

Watu wakacheka. Ndipo mzee, kwa furaha, akatoa simu kumwonyesha kijana picha za shamba lake la Lukafu. Alikuwa na haki ya kujivunia shamba hilo. Mbusa ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, ghala lake la kule lilifungwa, barabara zikakatika, na dada yake Séphora akakimbilia Lubumbashi na watoto wake bila hata sufuria. Sasa ilikuwa Novemba, na wote walikula mahindi ya Lukafu.

— Uone hii majani, mukwe wangu. Miye mwenyewe nililetaka mizizi yake kutoka kwetu, mu carton, katikati ya manguo. Tuliipanda ku mistari. Inashika udongo, mvua haibebe kintu.

Dieumerci angeweza kusema "Muzuri sana, Papa" akala sombe yake. Lakini kazi yake pale chuo kikuu ni kutabiri. Anachukua mvua, joto na moto wa porini, anaviingiza kwenye kompyuta, kisha anachora ramani ya mahali ambapo jani lililotoka nchi nyingine litakuwa limefika baada ya miaka mingi. Akaliona lile jani pichani, na ulimi ukamponyoka.

— Tuing'oe? Juu ya nini? mzee akauliza.

— Kule kwenu ku milima baridi inaizuiaka kutoa mbegu, Papa. Ku Lukafu joto ni mingi, na kila mwaka inaongezeka. Mvua inachelewa, moto inapita, mahindi inakufa, ile majani inarudia. Carte yangu inaonyesha itakamata bonde yote. C'est une envahissante.

— Une quoi?

— Envahissante. Inatoka kwingine, inakamata udongo ya benyeji.

Papa Mbusa akalaza simu mezani kifudifudi.

— Mutoto wa Kasai. Mwaka ile balipandisha baba yako mu train kwa nguvu, balikuwa banamuita namna gani?

Dieumerci akaweka kijiko chini. Wakasai walipofukuzwa Lubumbashi miaka ile, waliitwa wadudu.

— Na shiye banatuitaka namna gani ku soko? Bakuyakuya, bageni ba kukuya tu. Sasa unakuya mu nyumba yangu, na majani yangu nayo unaifukuza?

— Papa, minasemea majani, hapana bantu.

— Kwetu kulianguka. Ile majani njo kintu moya ya kule yenye nabakia nayo. Kula, umalize, uende.

Huyo ndiye Papa Mbusa. Hata akikufukuza, kwanza ushibe.

Jioni simu ya Dieumerci ikalia. Ujumbe wa Kavugho: "Nilikuambia usifie chakula. CHAKULA TU. Kesho saa kumi, Karavia."

Kesho yake walikaa Karavia, kwenye viti vya plastiki vya kibanda cha vinywaji. Chupa mbili mezani, hakuna aliyekunywa.

— Umupigie Papa, umuambie carte ilikosea.

— Haikukosea, Vugho.

— Nani anakuuliza kama ilikosea? Minakuambia useme vile.

— Nikisema vile, tantine Séphora na batoto bake batakula nini mwaka yenye inakuya? Ile majani ikiingia mu mahindi, kwisha.

— Na shiye? Nitamuambia baba yangu nini? Ye hatakubali ndoa, unamujua!

— Minakupenda. Njo maana siwezi kumudanganya. Nitakaa na baba yako maisha yote, na kila mwaka nitaona ile majani inapanda, na nitajua nilinyamaza.

— Basi uoe carte yako!

Akachukua mkoba, akaondoka. Kwenye teksi alilia hadi dereva akaongeza sauti ya redio kwa kumwonea huruma. Nyinyi mnaosema wanaume wakweli wamekwisha duniani, haya, huyo alimpata mmoja, na bado alilia.

Siku zikapita bila simu. Kavugho alimpenda Dieumerci, alimpenda na baba yake, na hakuona jinsi ya kubaki na wote wawili. Kisha Jumamosi moja asubuhi mzee akamwita.

— Ushike volant, uendeshe, tunaenda Lukafu. Nitamupigia picha ule docteur wako, aone majani yangu inakaa ku mistari yake sawa bakristu mu kanisa.

Na walipofika, ilikuwa kweli. Majani yalikuwa kwenye mistari, mahindi machanga katikati, udongo umetulia. Papa Mbusa akapiga picha nyingi huku anapiga mluzi. Kavugho alitazama tu, moyo mzito.

— Tumusalimie Musonda mbele ya kurudia, mzee akasema.

Musonda ni jirani wa ng'ambo ya mto. Walimkuta ameinama kwenye muhogo wake, viganja vimechanika, rundo la majani limelala pembeni.

— Karibu, Papa Mbusa. Usinipatie mukono, iko muchafu.

— Unang'oa nini, ndugu yangu?

Musonda akatazama chini.

— Ni ile majani, Papa. Ile ulitupatiaka wakati mutoto yetu ya mwisho alizaliwa. Tuliipanda ku mupaka ya shamba. Sasa inaingia mu muhogo.

— Na haukuniambia?

— Zawadi ya muntu, habaisemake mubaya.

Papa Mbusa akaingia kwenye muhogo. Miche ilikuwa imekondeana, majani yameizidi kimo. Akavuta shina moja lililokauka, na mbegu ndogo ndogo zikamwagikia mikono na suruali yake. Kule kwao milimani, tangu utoto wake, hakuwahi kuona jani hilo likitoa mbegu.

— Kavugho.

— Papa.

— Umupigie.

Simu ililia mara moja tu.

— Allô? Vugho?

— Dieu, carte yako inasema ile majani ya Papa itavuka mutoni lini?

— Kama mu myaka kumi. Juu ya nini?

— Ilishavuka.

— Haiwezekani! Mvua, joto, moto, byote niliingiza mule. Ilivuka namna gani?

Mzee akanyoosha mkono, akachukua simu.

— Ilivukia mu mikono yangu. Nilimupatiaka Musonda mizizi, zawadi ya mutoto.

— Papa...

— Kumbe carte yako haijue bantu.

— Haijue, Papa. Nilihesabu mvua, sikuhesabu zawadi. Na ile siku nilikosa heshima. Ilifaa nikuye nikuone pembeni, hapana mbele ya bantu. Unisamehe.

— Na miye nilisema mambo ya baba yako. Ile njo ilikuwa mubaya zaidi. Unaweza kukuya lini?

— Leo.

— Kuya na jembe. Ile ordinateur ya carte ibakie.

Dieumerci aliazima pikipiki, akafika jua likiwa bado juu, vumbi hadi kwenye kope. Wakang'oa wote wanne. Kavugho akasogea kwenye mstari wake.

— Sasa, uliioa ile carte?

— Ilinikataa. Inasema niko muntu wa Kavugho.

Alicheka bila kutaka, na hasira yote ikamwishia hapo hapo.

Walipopumzika, mzee aliuliza kwa sauti ya chini:

— Na ile yenye iko ku mistari yangu? Yote tuitoe?

— Hapana leo, Papa. Tukiitoa yote pamoja, mvua itabeba udongo. Tutaitoa polepole, tupande ya huku. Lakini yenye inabakia isitoe maua. Ikatwe, ikatwe, kila mara.

— Na nani atakata kila mara? Batoto ba Séphora?

Nyuma ya nyumba ya Musonda mbuzi akalia. Papa Mbusa akageuza kichwa, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sombe akatabasamu.

— Dieumerci, zile mbuzi tulisema tubadilishe na feza.

— Ndiyo, Papa.

— Nakataa. Minataka mbuzi ya miguu ine. Na meno.

Sherehe ilifanyika Lukafu mwezi wa pili, mvua bado inanyesha. Goma ilikuwa haijafunguka, wala ghala, na tantine Séphora alilia kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Lakini sombe ilikuwepo, na Musonda alikaa mbele na wakubwa. Mbuzi wa mahari walisimama kwenye kamba zao, wakivuta kuelekea mistarini.

Kama desturi inavyotaka, Papa Mbusa akamgeukia binti yake mbele ya watu wote:

— Kavugho, hizi mbuzi, tuzipokee?

Hapo msichana mwenye adabu huinamisha uso na kunyamaza hadi aulizwe tena. Kavugho alitazama mistari ya baba yake, akamtazama Dieumerci.

— Papa, uzipokee mbio. Majani iko karibu kutoa maua.