Nguzo ya Fresa

Kila siku baada ya shule, Nazira alivua sare, akala alichokikuta jikoni, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake kando ya barabara kuu ya Mute. Mzee Rachide alikuwa fundi chuma, na binti huyu wa miaka kumi na mitatu alijua kumpa spana kabla hajaiomba.

Wiki hiyo karakana haikuwa na mzaha. Kiungo cha pampu ya kisima kilikuwa kimekatika, na mtaa mzima ulikunywa maji ya bwawani, pamoja na mbuzi. Ili kuchonga kiungo kipya, Rachide alikuwa na kipande kimoja tu cha shaba, alichokikata kwenye rafadha kuukuu ya mashua. Mashine yake ya kuchongea, fresa ndogo iliyotengenezwa kwa watu wanaojifurahisha nyumbani, ilitetemeka kila ilipogusa kitu kigumu. Nguzo ya mashine hiyo, inayoshika kisu, ilikuwa tupu ndani.

"Ijaze simenti," Rachide alimwambia Nazira siku ya Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. "Mimina kidogo, shindilia kwa nondo, mimina tena. Usiache hewa ndani. Ikikauka, fresa itatulia."

Nazira alimimina. Lakini rafiki yake Sumaia alikuwa akimngoja wapakane msiro, ule urembo mweupe wa mti uliosagwa, usoni kwa ajili ya arusi ya jioni, na msiro ulikuwa umeshasagwa. Basi akashindilia mara mbili tu, akajaza hadi juu, akafunika nguzo na kutimua mbio.

"Umeshindilia vizuri?" baba alimuuliza baadaye.

"Ndiyo, baba," alijibu, uso mweupe kwa msiro.

Jumatatu kisu cha fresa kiligusa shaba, mashine ikatetemeka, na upande mmoja wa kipande ukaliwa vibaya. Ulibaki upande mmoja. Rachide alikaza bolti, akanoa kisu, akajaribu kwenye chuma chakavu. Jumanne, kwenye chuma hicho chakavu, mashine ilitetemeka vilevile. Jioni aliitazama mikono yake.

"Labda ni mimi," alisema. "Labda mikono imezeeka."

Nazira alichukua ufagio, akafagia mabaki ya shaba sakafuni.

Jumatano Sumaia hakuja shuleni. Mdogo wake Adamo, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa akiharisha tangu juzi. Alfajiri hiyo alifariki, na alasiri wakamzika.

Kutoka msibani Nazira alikwenda moja kwa moja karakana, akachukua nyundo na kuigonga nguzo. Chini ilitoa sauti nzito. Katikati ililia kama chungu kitupu.

"Baba, sikushindilia," alisema. "Nilikimbilia msiro."

Rachide hakufoka, na Nazira alitamani angefoka.

"Ijumaa jioni simenti ilikuwa bado mbichi," baba alisema polepole. "Ungeniambia, tungeirekebisha kwa nusu saa."

Alitoboa matundu ubavuni mwa nguzo, wakamimina uji wa simenti, na safari hii Nazira aligonga na kuchokoa hadi viganja vikachubuka. Wakangoja ikauke. Siku ya nne kisu kilipita kwenye upande uliobaki bila kutikisika. Kabla ya magharibi pampu ikatoa maji. Majirani walifurahi. Nazira hakuweza.

"Jaza ndoo," baba yake alisema. "Tunakwenda kwa mama yake Sumaia. Utamweleza mwenyewe."

Mastura, mama yake Sumaia, alikuwa ameketi mkekani. Alimsikiliza Nazira hadi mwisho, huku Sumaia amegeukia ukuta.

"Adamo alikunywa maji ya bwawani kabla ya Ijumaa, na baada yake pia," Mastura alisema. "Ni yapi yaliyomuua, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Sikutwishi kifo chake. Lakini nisikilize, mwanangu. Kazi kila mtu huiharibu. Ukiharibu, sema siku ileile, wakati bado kuna la kufanya."

Kisha akaivuta ndoo karibu, akachota kikombe cha maji, na kumwita Sumaia aje anywe.