Nani Ataingia na Nafisa?

Nafisa ni kiziwi tangu utoto. Anashona nguo nyumbani, katika mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Anaishi na mume wake Asumani na mama yake Adija. Hao wawili wanasikia, lakini nyumbani wote huzungumza kwa mikono.

Nafisa alipozaa mtoto wa kwanza, wauguzi walimwacha Adija nje. Nafisa aliona midomo yao ikicheza, hakuelewa neno. Walimwambia angoje, yeye akasukuma. Mtoto alitoka mzima, lakini Nafisa alichanika vibaya.

Mwaka uliofuata, redio ilisema wabunge wamepiga kura: kiziwi ataingia hospitali na mkalimani. Adija alikwenda kwa jirani yake Kapinga, mwalimu wa elimu ya uraia.

“Babunge balivota,” alisema. “Sasa njo sheria. Habatanifungia tena mulango.”

“Bado, mama,” Kapinga alijibu. “Mubunge moja alileta pendekezo. Serikali ikatoa mawazo yake. Commission, kamati ya babunge, ikalichunguza, kisha bunge yote ikavota. Lakini kuko chumba ya pili, Seneti. Nayo inapashwa kuvota.”

“Na ikikatala?”

“Inaweza kukatala. Inaweza pia kubadilisha maneno. Na sisi tuombe ibadilishe.” Kapinga alifungua simu akamsomea maneno ya pendekezo: “‘Mkalimani mwenye diploma.’ We mama uko nayo?”

Adija alitikisa kichwa.

Wakati wa likizo ya bunge, seneta mmoja alirudi Lubumbashi kusikiliza watu. Kapinga aliwapeleka Adija na Nafisa kwake. Adija alianza kueleza. Nafisa akamgusa mkono, akaanza kusema mwenyewe kwa ishara. Ikabidi Adija atafsiri tu.

“Anasema siku ile ya kuzaa aliogopa kufa katikati ya bantu habamuelewe. Anasema bakalimani ba diploma habako bengi hapa. Anataka aingie na muntu ule atachagua yeye mwenyewe.”

Seneta aliandika.

Seneti ilijadili, ikaongeza: “au mtu ambaye kiziwi atamchagua.” Sasa maneno ya vyumba viwili hayakufanana. Wabunge na maseneta wachache walikaa pamoja kuyapatanisha, wakakubali yale ya Seneti. Vyumba vyote viwili vikapiga kura tena, kwa maneno yaleyale.

Safari hii redio ilipotangaza kura hiyo, Adija hakukimbia kwa jirani. Alimuuliza Asumani kwanza, “Président alisaini? Ilitoka mu Journal officiel?”

Rais alisaini. Sheria ikachapwa katika gazeti hilo rasmi la serikali. Siku yake ya kuanza kazi ikafika.

Nafisa alikwenda kuzaa mtoto wa pili. Muuguzi akauliza, “Nani anaingia naye?”

Adija alikuwa ameshavua viatu ili aingie. Nafisa alimwonyesha Asumani kwa kidole.

Adija alirudi kwenye benchi. Moyo ulimuuma kidogo. Mlango ulipofunguliwa, aliona mikono ya mkwe wake ikisema: ngoja, ngoja, sasa. Nafisa alikuwa akiitazama mikono hiyo, naye alitulia.

Kisha mtoto alilia, na Asumani akamweleza Nafisa kwa mikono jinsi anavyolia.