Mwanamke wa Nyuma ya Bi Time

Harufu ya udi ilianza kutoka ukumbini mchana kweupe, na chetezo kilikuwa jikoni, kikavu, hakina hata jivu. Mwatum alijua inatoka wapi. Ilitoka kwenye picha ambayo mumewe, Khatib, alikataa katakata kuiondoa ukutani.

"Ndiyo sura ya mama pekee nliyobaki nayo," Khatib alisema. "Mie siitoi."

"Na ntoto je? Huoni anavyokwisha?"

Khatib alimpa mgongo. Binti yao Kazija halali wala hashiki chakula, na yeye yuko pale kununa.

Kisa cha picha yenyewe kinaudhi. Babu yake Khatib, Mzee Kificho, alifuga jini la kulinda mikarafuu yake hapo Vitongoji, na tangu hapo watu wa nyumba ile huitwa kwa majina, mmoja mmoja, hata kwenda kula, lisije jini nalo likaitika. Khatib alilijua hilo tangu utotoni. Lakini msimu wa karafuu wa 1959, mpiga picha wa kutoka Chake Chake anasubiri uani, watu wanajipamba ndani hawatoki, Khatib akapandwa na hasira, akapaza sauti:

"Wa nyumba hii wote, tokeni!"

Mama yake, Bi Time, alishika kichwa. "Taja majina, mwanangu."

"Majina ya nini, mama? Watu si ndio hawa?"

Picha iliporudi, nyuma ya Bi Time alisimama mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, kajitanda ushungi mweupe, mkono wake begani kwa Bi Time. Bi Time alifariki kabla karafuu hazijakauka. Na sasa, mwaka wa pili, mkono ule haukuwa tena begani. Ulikuwa umeshuka hadi kichwani kwa Kazija, aliyekaa mbele mkekani pichani humo.

Mwatum alichoka kubembeleza, akaenda mwenyewe kumleta mganga, Bi Mwanapili.

"Kaitwa, katoka," mganga alisema taratibu. "Picha izikwe shamba. Kisha nyote nje, na aloita aite tena. Mara hii kwa majina. Asotajwa asiingie."

Khatib aliizika picha ya mama yake huku akilia waziwazi. Alasiri wakasimama uani, nyumba tupu, na Mwatum kamshika mtoto mkono.

"Kazija binti Khatib, ingia," Khatib aliita.

Kazija akanyanyua mguu, lakini kabla haujagusa kizingiti udi ukawapiga puani, na mle ndani msimokuwa na mtu zikasikika nyayo ndogo zikikatiza ukumbi, zikaenda hadi chumbani, kitanda kikalia kamba zake, kisha sauti ya mtoto ikajibu kwa utulivu:

"Nshaingia, baba."

Bi Mwanapili alimvuta Kazija nyuma, akaufunga mlango kwa nje.

"Jina hilo keshalichukua, na nyumba pia," alisema. "Huyu mtafutieni jina jengine, na pa kulala."