Kochi Alilolichagua Lenah

Mvua ya mawe ya Kericho haipigi hodi. Ilimkuta Lenah Nyabate katikati ya barabara, na viatu vyake vyekundu vya kisigino na gauni la njano lililopigwa pasi kama barua ya mwajiri, ikamfukuza hadi ndani ya duka la kwanza lililokuwa wazi. Lilikuwa duka la fanicha. Bahati mbaya ya fanicha, maana Lenah alikuwa na macho.

Kazi yake ilikuwa kuonja chai katika kiwanda kimoja nje ya mji. Kutwa aliivuta kwa kijiko, akaizungusha kinywani, akaitema, akaihukumu. Waliomjua walisema kazi hiyo ilimharibu: hata binadamu aliwaonja na kuwatema.

Na humo dukani, nani asingetema? Mji wetu una chai nzuri, lakini macho yake hayana ladha. Makochi ya mahameli, mengine mekundu kama kidonda, mengine yenye vichwa vya simba kwenye mikono, simba ambao seremala wao hajawahi kuona hata paka aliyenona. Yote yamefungwa nailoni. Mtu wa Kericho akinunua kochi, huikalia nailoni miaka na miaka, jasho likimtiririka, ili kochi libaki jipya siku ya matanga yake.

Katikati ya seti kubwa ya rangi ya dhahabu alikuwa ameketi kijana, suti ya buluu imembana, viatu vina ncha ya kuchomea mahindi, amekunja nne. Alikuwa akisubiri muuzaji ampige picha.

Lenah akacheka.

"Unacheka nini, madam?"

"Nacheka kiti. Wewe bado sijakufikia."

"Hiki ni cha Uturuki."

"Ni cha Londiani. Mbao bado inatoa utomvu. Nusa."

Akainama, akanusa, mtu mzima na suti yake. Muuzaji akakohoa na kujifanya anapanga mito.

"Yawa! Ni kweli," kijana akasema. "Sasa wewe ungenishauri ninunue nini?"

"Kwanza suruali inayokuruhusu kupumua."

Hapo alitakiwa akasirike. Wanaume wa aina yake hukasirika, kisha hujieleza, kisha huwa wadogo. Huyu alicheka, kicheko kipana cha mtu asiye na deni na kioo, na Lenah akajikuta akimtazama mara ya pili. Ana meno mazuri huyu mjinga, aliwaza.

"Kepher Ogada. Nauza bima ya ng'ombe."

"Ng'ombe wanajua?"

"Soko lote la Siongiroi wananijua, ng'ombe na wenyewe. Nakarabati nyumba yangu hapa mjini. Nimeweka dari ya jipsamu."

"Na taa za buluu pembeni."

"Umejuaje?"

"Nyinyi nyote mnaweka. Mtu amekuja kula ugali, anafikiri amepelekwa thieta kupasuliwa."

Mawe yaliacha kupiga mabati. Hakuna aliyeondoka. Walipoachana, namba ya Lenah ilikuwa kwenye simu ya Kepher, na jioni ile picha ikaingia: yeye juu ya dhahabu yake, na swali moja, "Ninunue?" Lenah akamjibu hivi:

*Kochi lako la dhahabu, limejaa majivuno,*
*Linaleta na aibu, kukaa ni mapambano,*
*Mgongo una ghadhabu, vifungo vyake ni meno,*
*Nawe umekaa bubu, wangojea tangamano.*

Simu ikalia papo hapo, Kepher akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo chao.

"Nyar Kisii, nani alikufundisha kutukana kwa vina?"

"Nilijifundisha. Matusi bila vina ni kelele."

"Nitukane tena, mrembo."

"Lala, Bwana Jipsamu."

Ndivyo walivyopendana. Wengine hupeana maua. Hawa walipeana vijembe, na kila kijembe kilikuwa na asali nchani. Kepher alipitia kiwandani jioni akiwa na mahindi ya kuchoma, Lenah akayaita chakula cha punda na kuyala yote. Alipougua homa, Kepher alimpelekea uji nyumbani kwake, akakaa mlangoni akimsimulia ng'ombe aliyekula fomu ya bima, mpaka homa ikaona haya ikaondoka. Lenah akampenda kwa hasira, kama mtu aliyeshindwa mchezo aliouanzisha mwenyewe.

Lakini dharau katika mapenzi ni pilipili: hukaa pembeni ya sahani. Lenah aliifanya mboga. Taa za buluu zikang'olewa kwa amri yake. Mapazia yakabadilishwa. Mwanamume aliyeweza kumshawishi mzee wa Siongiroi kuwa ng'ombe mzima anahitaji bima ya kufa, sasa alikuwa akiomba ruhusa ya kununua balbu.

Siku ya kuchagua kochi, Lenah alivaa koti jeusi kama hakimu. Walipita makochi kama watu wanaokagua wafungwa. Mwishoni akasimama mbele ya moja la kijivu, refu, nyoofu, halina simba wala kifungo. Muuzaji akavuta mkanda chini ya kiti; mgongo ukalala, kiti kikatoka mbele, kochi likawa kitanda.

"Hili lina akili," Lenah akasema. "Mgeni akija analala hapa. Nyumba ndogo inahitaji kiti chenye kazi mbili."

Kepher alikuna shingo. "Lenah, lakini hili... wazee wenu wakija kuona boma, si itakuwa..."

"Kepher, wewe ukifungua mdomo kuhusu viti kinatoka kichwa cha simba. Nyamaza tu, mpenzi. Uwe mrembo."

Muuzaji alicheka. Kepher naye akacheka, lakini safari hii meno tu ndiyo yaliyocheka.

Baba yake Lenah alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyesimama mahali pake ni Baba mdogo, Isaiah Nyabuto wa Sotik, mzee wa kanisa la Sabato, mrefu, kofia haimtoki ila kwa sala. Kabla ng'ombe wa mahari hawajazungumziwa, ilibidi aje kuona mahali binti yao atakapoishi. Alikuja na dada yake, Shangazi Kemuma, amevaa gauni la kanisani la maua makubwa. Wakakaribishwa kwenye kochi la kijivu. Chai ikamiminwa, mandazi yakaletwa.

"Nyumba safi," Nyabuto akasema. "Kijana, una bidii. Na kiti hiki ni imara. Sasa huu mkanda hapa chini ni wa nini?"

Kepher aliinua mkono, lakini mzee alikuwa ameshavuta.

Kochi lilipiga magoti kama ngamia. Mgongo ukaenda nyuma, viti vikaenda mbele, na wazee wawili wa Sotik wakajikuta chali, bega kwa bega, kaka na dada, miguu juu, wakiitazama jipsamu. Kofia ilibingirika hadi mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi ninayependa kucheka nisingecheka.

"Hiki ni nini?" Nyabuto aliiuliza dari.

"Ni kochi, Mzee."

"Nimelala. Hiki ni nini?"

"Linageuka kitanda, Mzee. Wageni wakija."

Nyabuto aliinuka taratibu, akamshika dada yake mkono. "Kwa hiyo umenilaza mimi, mkweo, kwenye kitanda cha nyumba yako. Na dada yangu ubavuni."

Hili halihitaji kufafanuliwa kwa Mkisii wala kwa Mjaluo. Mkwe hakioni kitanda cha mkwe wake, sembuse kukilalia.

"Nani alichagua kitu hiki?"

Kepher alimtazama Lenah. Lenah aliitazama birika.

"Ni mimi, Mzee," Kepher akasema.

"Anayetudharau kabla hajatoa hata ndama," Nyabuto akasema akiokota kofia, "akishatoa atatukanyaga." Wakaondoka. Chai yao ilibaki mezani, imejaa hadi ukingoni.

Lenah ndiye aliyeanza, maana mwenye kosa huwahi.

"Ulijua! Ulijua kuwa ni mwiko, ukaacha nilichague!"

"Nilijua. Nilianza kukuambia dukani. Ulinitema."

"Si ungesisitiza!"

"Nisisitize na nini? Kila neno langu kwako ni jipsamu."

"Kwa hiyo ni kosa langu kwamba huna mgongo?"

"Mgongo ninao. Ndio uliokubeba leo." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha. "Lenah, nikikuona unaelekea shimoni, naogopa kukuambia. Mtu wa hivyo nitaishi naye vipi?"

Akamfungulia mlango. Lenah akatoka, kidevu juu, na hakugeuka. Wenye kiburi hatugeuki. Tunalia tukitazama mbele.

Simu zikanyamaza. Huko Sotik habari ikaenea na kunona: kuna Mjaluo mmoja wa Kericho amewalaza wakwe kitandani makusudi. Ilikuwa hadithi tamu, na haikumgharimu Lenah chochote. Angeweza kuiacha iendelee. Aliiacha, kwa aibu yake, wiki zikapita.

Kisha Shangazi Kemuma akampigia.

"Mwanangu, afadhali umeepuka. Mtu gani yule? Suruali inambana kama soksi, taa za buluu kama thieta!" Shangazi akacheka hadi akakohoa. "Bwana Jipsamu! Si ndivyo ulivyotuambia mwenyewe?"

Lenah aliishusha simu sikioni. Yalikuwa maneno yake yote, kila moja. Aliyatengeneza kwa mapenzi. Sasa watu waliyatumia kumzika mtu aliyekaa mlangoni pake na uji.

Jumamosi, baada ya ibada, alikuwa Sotik, amesimama sebuleni mbele ya Nyabuto na Shangazi. Alikataa kiti.

"Baba mdogo, lile kochi nilichagua mimi. Kepher alitaka kunionya, nikamfunga mdomo mbele ya muuzaji. Ulipouliza, aliniokoa."

Mzee aliirekebisha kofia yake. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naangalia birika."

"Ona huyu!" Shangazi alipiga makofi. "Chai za watu anatema, ukweli anameza!"

"Mpigie," Nyabuto akasema. "Weka sauti, tusikie wote."

Ililia kwa muda. Halafu ng'ombe akasikika, halafu mnadi, halafu yeye.

"Haloo."

"Kepher."

"Nani?"

"Usijifanye ulifuta namba."

"Niliifuta. Bahati mbaya naijua kwa kichwa."

"Niko kwa Baba mdogo, wanakusikia. Nimewaambia kochi ni langu. Niliogopa kuonekana mjinga, nikakuacha uonekane wewe. Nisamehe."

Ng'ombe alilia tena. "Sema tena, Nyar Kisii. Hapa mnadani kuna kelele."

"Umesikia!"

"Mimi nimesikia. Huyu fahali hapa ndiye hajasikia."

Shangazi alificha uso kwenye kitenge. Nyabuto akachukua simu.

"Kijana. Ulinidanganya."

"Ndiyo, Mzee. Nakubali."

"Uongo huo utaulipia ndama. Lakini ndama wa kuingia boma langu, si wa kukufukuza." Akamrudishia Lenah simu, akageukia dirishani kama mtu anayetafuta mvua.

"Lenah," Kepher akasema, "nikiona kosa lako, nikuambie?"

"Uniambie."

"Naanza sasa. Lile kochi lako lina rangi ya panya."

Lenah alifungua mdomo. Ubeti mzima ulikuwa umeshasimama ulimini, na vina vyake, na miiba yake. Akaumeza. Ulimkwaruza hadi tumboni.

"Endelea."

"Mapazia ni ya ofisi ya chifu."

"Endelea."

"Na zulia lile ni jembamba, mtu atafikiri ni kivuli cha meza."

Lenah aliuma mdomo. Machozi yalikuwa yakishuka, na hakuyafuta. "Umemaliza?"

"Limebaki moja. Sitauliza mara mbili, kwa hiyo wazee wawe mashahidi. Utakubali nikuoe?"

Sebule nzima ya Sotik ilisimama. Hata Nyabuto alisahau mvua yake.

"Nakubali," Lenah akasema. "Lakini kuhusu zulia umekosea kabisa."