Bata Alijificha Wapi?

Kila siku baada ya sala ya alasiri, chumba cha kusomea cha shule yetu ya bweni pale mjini Andoany, kisiwani kwetu, kiligeuka uwanja wa vita. Majeshi yalikuwa mawili: Nadjma na Youssoufa. Silaha ilikuwa moja, kitabu cha Kifaransa kuhusu bata bukini aliyetoroka jikoni. Maswali ya mashindano ya vitabu vya watoto huko mjini Mahajanga, ng'ambo ya bahari, yangetoka humo.

Mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba hao wawili, timu yetu, wasiporudi na zawadi, chumba hicho kitakuwa ghala la mchele. Kwa hiyo Mwalimu Hadidja aliwaamuru wawili hao waulizane maswali kila siku.

"Mmeulizana?"

"Ndiyo, Mwalimu," walijibu kwa pamoja. Hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana, nalo lilikuwa uongo.

Nadjma alisoma peke yake dirishani, mbio mbio. Youssoufa, mtoto wa kijiji cha Marodoka, alikihifadhi kitabu kizima kama alivyozoea kuhifadhi Kurani chuoni: ameketi chini, anayumba mbele na nyuma, anaghani tangu ukurasa wa kwanza.

"Unamsomea bata hitima?" Nadjma alimkejeli.

"Mimi namjua mpaka manyoya. Wewe kichwa chako ni cha kusukia nywele tu."

Huko Mahajanga kila mtoto aliulizwa peke yake, bila msaada wa mwenzake. Msimamizi alimgeukia Youssoufa.

"Bata alijificha wapi?"

Youssoufa akafumba macho, akaanza kuyumba. "Kulikuwa na mpishi mmoja mwenye kitambi..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kengele ilipolia, bata alikuwa bado hajatoka jikoni.

"Ahsante, shehe," Nadjma alimwambia alipoketi. "Umetuzika."

"Hukujua kwamba siwezi kuanzia katikati?"

"Ningejuaje? Sijawahi kukuuliza hata swali moja."

Mwalimu Hadidja alikuwa amesimama nyuma yao. "Kumbe," alisema, na neno hilo moja likawatosha.

Timu zilizoshindwa zilipewa nafasi ya mwisho kesho yake, kugombea boksi moja la vitabu. Mwalimu akawapeleka mtaa wa Antanimasaja kwa Koko Oumi, bibi yake Nadjma, akawaketisha mkekani uso kwa uso. Sahani za wali na samaki zilifunikwa. Hakuna kula kabla ya kuulizana.

Nadjma aliuliza kama askari wa forodha. Youssoufa alipoanza kuyumba, alimchapa goti kwa upepeo wa ukindu. Youssoufa naye akalipiza.

"Aproni ya mpishi ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe."

"Samawati, kipofu wewe. Ulisoma au uliruka?"

Asubuhi, Youssoufa aliulizwa ni nani aliyefungua mlango wa banda. Akafumba macho, bega likaanza kuinama. Akaling'ang'ania benchi kwa mikono miwili.

"Mtoto wa mpishi," alijibu.

Nadjma naye akajibu lake bila kuruka kitu, boksi likawa lao, na chumba cha kusomea kikapona.

Walipofika bandarini kurudi nyumbani, Mwalimu Hadidja aliwasimamisha.

"Kuchukiana sikuwaulizeni. Niliwauliza kama mnafanya kazi, mkanidanganya. Kosa ambalo lingerekebishwa chumbani kwetu mkaja kuchekwa nalo ukumbini. Kazi ya pamoja haingoji mpendane. Inataka mseme kweli na mtimize sehemu zenu. Haya, bebeni boksi, kila mmoja upande wake. Asiyetaka kumwona mwenzake na atazame mbele."