Tirmisi za Babu Bahgat

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nawara alimpelekea babu yake chai, akamtafutia miwani, kisha akainama kwenye ndoo ya bluu iliyokaa chini ya bomba la uani. Ndani yake mlikuwa na tirmisi, mbegu za manjano za jamii ya kunde, ambazo huwa chungu mno zisipoloweshwa vizuri. Bibi alikwisha kuzichemsha. Kilichobaki ni kumwaga maji na kutia mengine, asubuhi na jioni, mpaka uchungu wote utoke kabla ya sikukuu ya majira ya kuchipua. Miaka yote Bibi aliifanya kazi hiyo mwenyewe, ila safari hii magoti yalimsumbua, akamkabidhi mjukuu wake.

Mwanzoni Nawara aliifanya vizuri. Kisha rafiki yake Hanan akanunuliwa baiskeli.

"Nawara! Umebadilisha maji?" Bibi aliita kutoka jikoni.

"Ndiyo, Bibi!" alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango.

Uongo ule ulimwia mgumu mara ya kwanza tu.

Asubuhi ya sikukuu alionja punje moja, akaitema palepale. Badala ya kusema, alizitia chumvi, ndimu na jira nyingi, akajiambia kwamba uchungu umefunikwa.

Mchana familia nzima ilikaa darini, ikala fesikhi, yaani samaki waliovundikwa kwa chumvi, pamoja na vitunguu vya majani. Shangazi Ragaa naye alikuwepo, amekuja kutoka chuo kikuu anakofanya kazi maabara.

"Huyu nimemsomesha miaka yote hiyo," Babu Bahgat alitania, "na kazi yake ni kupima mikojo na maharage."

"Baba! Nachunguza vitu vidogo vilivyomo kwenye chakula, na jinsi mwili unavyovigeuza na kuvitoa."

"Si ndiyo hivyo? Mikojo na maharage!"

Walipomaliza kucheka, Bibi alimwambia Nawara ampe Babu bakuli la kwanza la tirmisi, kama ilivyo desturi yao kwa mkubwa wa nyumba. Tangu augue, Babu alikuwa hasikii ladha sawasawa. Alizimenya na kuzitafuna kwa furaha.

"Babu, zimetosha," Nawara alinong'ona.

"Zitoshe vipi? Hizi zimepita mkononi mwa mjukuu wangu!" Akalimaliza bakuli.

Kabla wengine hawajazigusa, Babu akaanza kuomba maji, tena na tena. Ulimi ulimkauka.

"Ragaa," alisema, "mbona mko wawili?"

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Shangazi alimtazama machoni, akaacha kucheka. Mboni za Babu zilikuwa zimepanuka, nyeusi tii.

"Ni fesikhi hii!" baba yake Nawara alifoka, akaichukua simu. "Gaber, umetuuzia sumu! Baba yangu akifa, mimi na wewe!"

Mzee Gaber alikuwa ndiye muuza samaki wao, na kila sikukuu humwongezea Babu samaki mmoja wa bure.

Hospitalini daktari alikunja uso. "Fesikhi mbaya huleta dalili hizihizi. Dawa yake hapa hatuna. Itabidi tumsafirishe mpaka Kairo, na moyo wake hauna nguvu."

Nawara alisimama kando ya kitanda. Babu aliupapasa mkono wake.

"Usilie, mama. Nawaona Nawara wawili. Mzee gani mwingine ana bahati hiyo?"

Hapo Nawara hakuweza tena.

"Shangazi, siyo samaki! Ni tirmisi. Sikuwa nabadilisha maji. Nilimdanganya Bibi."

Baba alifungua kinywa. Shangazi akainua mkono kumzuia.

"Alikula kiasi gani?"

"Bakuli zima."

Shangazi alipiga simu nyumbani akawakataza watu wasizile, akamwomba Bibi aonje punje moja na kuitema. "Nyongo tupu!" Bibi alisema. Daktari aliposikia, alishusha pumzi: uchungu wa tirmisi nao ni sumu, lakini mwili huutoa wenyewe. Safari ya Kairo ikaahirishwa. Babu alitundikiwa maji, wakamwangalia kwa makini, na kesho yake akawa anamwona kila mtu mmojammoja. Alisema Ragaa mmoja anamtosha kabisa.

Waliporudi, Baba na Nawara walikwenda kwanza kwa Mzee Gaber kumwomba radhi. Baba ndiye aliyeona haya zaidi.

Jioni Shangazi alimwita Nawara uani. Walilowesha tirmisi nyingine pamoja.

"Uchungu huu ni kitu kidogo sana, hakionekani kwa macho," alisema. "Maji hukitoa polepole, ukiyabadilisha. Wewe hukuyabadilisha. Basi unajua nani alikitoa?"

Nawara alitikisa kichwa.

"Figo za babu yako. Mzee wa watu ameifanya ndani ya mwili wake kazi uliyoiacha kwenye ndoo."

Machozi yalimlengalenga Nawara. Shangazi akamvuta kifuani.

"Ulikosea, mwanangu, na kuufunika uchungu kwa jira kulizidisha kosa. Lakini ulisema kweli mapema, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Siku nyingine kazi ikikushinda, sema tu. Tutakusaidia."

Kutoka ndani Babu aliita, "Nawara! Umebadilisha maji?"

Nawara aliimwaga ndoo yote, akaijaza upya, ndipo akajibu, "Ndiyo, Babu."